Kuizunguka Iceland kwa gari bila haraka: mwongozo kamili wa siku 18

Barabara Namba 1 ya Iceland inaizunguka nchi nzima na kurudi pale pale ilipoanzia. Urefu wake ni kilomita 1,322 hivi, mwendo usiozidi sana ule wa Dar es Salaam hadi Mwanza. Ndiyo maana watu hufungua ramani, wakagawanya umbali kwa kasi ya kilomita 90 kwa saa, wakaridhika kwamba siku tano au sita zinatosha. Safari yangu ya kwanza niliipangia hivyo hivyo. Nilifika ziwa Mývatn usiku mvua ikinyesha, nikaondoka asubuhi ikiwa bado inanyesha, na kaskazini yote niliiona kupitia kioo chenye maji.

Mara ya pili nilikwenda na mke wangu, tukakaa siku 18. Nchi ilikuwa ile ile na barabara ile ile, lakini safari hii tuliiona. Maelezo haya yanatokana na safari hiyo ya pili.

Chagua msimu kabla ya kitu kingine chochote

Mwezi Juni hakuna usiku wa maana. Jua huzama kidogo tu na mwanga hauondoki, kwa hiyo unaweza kutazama maporomoko saa tano usiku peke yako. Ndege wa baharini wenye midomo ya rangi, wanaoitwa lundi, huwa bado wapo kwenye majabali, na huondoka katikati ya Agosti. Ubaya wake ni wageni wengi na bei za juu.

Desemba mchana ni saa nne au tano tu, na barabara za kaskazini na mashariki hufungwa mara kwa mara kwa theluji. Kwa mtu aliyejifunzia udereva Morogoro au Nakuru, na hajawahi kuhisi tairi likiteleza juu ya barafu, sishauri kabisa kuzunguka nchi nzima majira hayo.

Mimi nachagua mwisho wa Agosti hadi katikati ya Septemba. Usiku umeanza kurudi, kwa hiyo mbingu zikiwa safi unaweza kuona ile mianga ya kijani ya kaskazini. Wageni wamepungua. Wakulima wanashusha kondoo kutoka milimani, na ukibahatika utaona zizi kubwa la duara ambamo kila mwenye mali anatafuta kondoo wake kwa alama ya sikio. Kwa Mwislamu kuna faida nyingine: jua linachomoza na kuzama kwa utaratibu, na saa za swala zinaeleweka bila kutafuta fatwa ya mahali pasipo usiku.

Viza, leseni na kadi

Iceland si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, lakini imo katika eneo la Schengen. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasipungue siku 15. Kwangu mimi miezi mitatu ndiyo muda wa kulala usingizi. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90, na bima ya safari lazima ifikie angalau yuro 30,000. Ndugu zetu wanaoishi Denmark, Sweden au Ujerumani kwa kibali halali cha ukaazi hawahitaji viza nyingine kwa ziara isiyozidi siku 90.

Leseni zetu za Afrika Mashariki zimeandikwa kwa herufi za Kilatini, jambo linalosaidia. Hata hivyo chukua pia kibali cha kimataifa cha udereva, na uiandikie kampuni ya kukodi magari mapema kuuliza inataka nini. Uliza na umri, maana magari makubwa mara nyingi hayapewi vijana wadogo.

Suala la kadi huwakwamisha wengi. Kampuni nyingi hutaka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe ili zizuie amana. Vituo vingi vya mafuta nje ya miji havina mhudumu, na pampu haifunguki bila kadi yenye namba ya siri. Tena ukichagua “jaza tangi”, mashine inaweza kuzuia kiasi kikubwa kuliko mafuta uliyoweka, na fedha hizo zikachelewa kurudi kwenye akaunti. Chagua kiasi maalumu badala yake. Au ingia kwenye sheli yenye duka ukanunue kadi ya mafuta ya kulipia kabla.

Panga usiku, si vivutio

Hapa ndipo safari inapofaulu au kuharibika. Wengi huandika orodha ya maporomoko 30 kisha wakatafuta pa kulala katikati. Geuza mpango. Andika kwanza utalala wapi, kwa kanuni tatu: usiendeshe zaidi ya kilomita 200 hivi kwa siku, lala usiku miwili kila panapowezekana, na uwe na siku moja ya akiba isiyo na kazi yoyote, kaskazini au mashariki, ambako hali ya hewa huvuruga mipango. Hiyo siku ya akiba haina maana kama malazi yote umelipia bila uwezekano wa kurudishiwa. Kwa nyumba za kaskazini na mashariki, lipa zaidi kidogo upate ruhusa ya kubadili tarehe.

Wengi huanza kusini, kuelekea Vík, kwa sababu vivutio maarufu viko huko. Matokeo yake wanamaliza siku zao kusini, na kaskazini wanapita mbio. Mimi nashauri uzunguke kufuata mwelekeo wa mishale ya saa: magharibi kwanza, kisha kaskazini, mashariki, na kusini mwisho. Ukichelewa popote, kitakachobanwa ni kusini, ambako ni karibu na Reykjavík na ni rahisi kurudi siku nyingine.

Huu ndio mpangilio wetu wa usiku 17.

Usiku wa kwanza ni Reykjavík. Uwanja wa ndege uko Keflavík, kama kilomita 50 kutoka mjini, na kutoka Nairobi au Dar utakuwa umepitia mji mwingine wa Ulaya au Uturuki. Usishike usukani ukiwa na usingizi wa ndege. Nenda mjini kwa basi, gari ulichukue kesho yake.

Usiku wa pili na wa tatu ni Stykkishólmur, kwenye rasi ya Snæfellsnes. Njiani unapita chini ya bahari katika handaki la Hvalfjörður, lililofunguliwa 1998 na ambalo tangu 2018 halina malipo. Siku nzima ya kuzunguka rasi ile, na mlima Kirkjufell uliosimama kama kofia, ni mazoezi mazuri ya kuzoea gari kabla ya safari ndefu.

Usiku wa nne ni Hvammstangi, kwa kuwaona sili wakilala juu ya miamba. Sehemu ya njia ya kwenda huko ni changarawe, kwa hiyo usikadirie muda kama uko kwenye lami. Wa tano na wa sita ni Siglufjörður, mji mdogo kati ya milima uliotajirika kwa samaki aina ya heringi hadi walipotoweka. Makumbusho yake ya heringi ni mazuri hata kwa mtu asiyependa makumbusho. Kabla ya kufika, simama Hofsós uogelee: bwawa la kijiji hicho limejengwa ukingoni kabisa, maji ya moto unayoogea na bahari iliyo mbele yako yanaonekana kama kitu kimoja.

Kisha Mývatn, usiku tatu, na mmoja kati ya hizo ndio akiba. Unapotoka Akureyri kuna njia mbili: handaki la Vaðlaheiði, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 7, ambalo ni la kulipia na halina kibanda cha malipo, unalipa mtandaoni, au barabara ya zamani ya mlimani, bure na yenye mandhari nzuri. Mbele kidogo kuna maporomoko ya Goðafoss. Masimulizi yanasema kwamba mwaka 1000 hivi mwanasheria mkuu Þorgeir, baada ya kuamua kwenye baraza la Alþingi kwamba nchi ifuate Ukristo, alirudi nyumbani akaitupa humo miungu yake ya zamani.

Mývatn kwenyewe ardhi inachemka. Pale Hverir matope yanatokota na harufu ya mayai viza inakufuata hadi ndani ya gari. Volkano ya Krafla, iliyo jirani, ililipuka mara kadhaa kati ya 1975 na 1984, na unaweza kutembea juu ya mawe meusi ya mlipuko huo. Wenyeji huzika mkate wa shayiri nyeusi kwenye ardhi ya moto ukaiva taratibu kwa saa nyingi. Kula huo na siagi na samaki. Siku moja itenge kwa Dettifoss, maporomoko yenye kimo cha meta 44 na upana wa meta 100. Tumia barabara 862 ya upande wa magharibi, ambayo ina lami. Ile ya mashariki, 864, ni changarawe yenye mashimo.

Usiku wa 10 na 11 ni Seyðisfjörður. Kutoka Mývatn hadi Egilsstaðir, mji unaoupitia kabla ya kufika huko, ni kilomita 165 hivi za nyika tupu, na huduma njiani ni chache mno. Jaza mafuta, nunua chakula, nenda haja kabla ya kuondoka. Sisi tulisubiri siku moja zaidi Mývatn kwa sababu ya upepo uliofunga nyika hiyo. Akiba ikatumika, na siku hiyo ya kukaa dirishani tukiangalia ziwa likibadilika rangi ndiyo mke wangu huikumbuka kuliko nyingine.

Usiku wa 12 ni Djúpivogur, baada ya kukata kona moja baada ya nyingine kandokando ya ghuba za mashariki. Huko tu ndiko kuna kulungu wa kaskazini, na huvuka barabara bila taarifa. Usiku wa 13 na 14 ni Höfn, ili uende Jökulsárlón mara mbili, jioni na asubuhi. Ni ziwa ambamo vipande vya barafu vilivyomeguka kutoka Vatnajökull vinaelea kuelekea baharini. Vatnajökull ni mfuniko wa barafu unaofunika karibu asilimia 8 ya nchi. Asubuhi na mapema, kabla ya mabasi kufika, unasikia barafu ikilia yenyewe.

Wa 15 ni Kirkjubæjarklaustur, mahali ambapo hata wenyeji hupaita Klaustur tu. Ukipita Skaftafell angalia vyuma vya daraja vilivyopindwa kando ya barabara. Mwaka 1996 volkano ililipuka chini ya barafu, mafuriko yakashuka na kubeba madaraja. Ni kwenye mchanga huo huo, Skeiðarársandur, ambapo kipande cha mwisho cha barabara hii kilikamilika 1974. Kabla ya hapo hakuna aliyeweza kuizunguka nchi kwa gari.

Wa 16 ni Hvolsvöllur, ukiwa umepita Vík, Skógafoss na Seljalandsfoss, ambayo unaweza kupita nyuma ya maji yake. Wa 17 unarudi Reykjavík kwa kupitia Gullfoss, Geysir na Þingvellir, kilomita 210 hivi.

Gari lipi

Ukibaki kwenye Barabara Namba 1 wakati wa kiangazi, gari dogo la kawaida linatosha. Barabara zinazoanza na herufi F, za kwenda nyanda za ndani, haziruhusiwi bila gari linaloendeshwa kwa magurudumu manne, na hufunguliwa takribani mwisho wa Juni hadi mwanzoni mwa Septemba. Kwenye baadhi yake unavuka mito isiyo na daraja, na bima kwa kawaida hailipi maji yakiingia kwenye injini. Mpango huu hauzihitaji.

Magari ya kulala ndani yanapendwa sana, nami nayaona mazuri kwa Juni na Julai. Lakini si ruhusa kulala popote upendapo. Unatakiwa kulala kwenye kambi rasmi au upate idhini ya mwenye ardhi. Tena gari refu na upepo wa Septemba haviendani.

Soma bima kipengele kwa kipengele. Uliza kuhusu changarawe kwenye kioo, mchanga na majivu vinavyokwangua rangi, na mlango uliong'olewa na upepo. Hilo la mwisho mara nyingi halilipwi na bima yoyote. Kabla ya kuondoka na gari, lipige video pande zote, pamoja na paa na tairi la akiba. Chagua otomatiki, ili mikono na akili zishughulike na jambo moja tu: kuendesha kulia.

Barabarani

Sisi tumezoea kushoto. Huko ni kulia, na kosa halitokei kwenye foleni ya mji. Linatokea asubuhi, unapotoka kwenye maegesho matupu bila gari lingine la kukuonyesha upande. Tulikubaliana kwamba abiria aseme “kulia” kila gari linapoondoka. Tulisema kwa siku 18, na halikuwa neno la bure. Kwenye kipilefti chenye njia mbili, gari lililo njia ya ndani ndilo lenye haki ya kutoka kwanza. Ukiwa njia ya nje, lipishe.

Kasi ni 50 mjini, 80 kwenye changarawe na 90 kwenye lami. Taa ziwake mchana na usiku, mikanda kwa wote. Lami inapoisha, kibao huandika “Malbik endar”. Punguza mwendo kabla ya kufika, si baada, maana hapo magari mengi hupinduka. “Einbreið brú” ni daraja la njia moja: aliye karibu zaidi hupita kwanza, lakini usidai haki yako kwa nguvu. “Blindhæð” ni mwinuko usioonyesha kilicho mbele. Ukiona kondoo upande mmoja na mwanakondoo upande wa pili, simama, kwa sababu mmoja atamfuata mwenzake.

Upepo ndio wenye amri ya mwisho. Utabiri wa vedur.is huutaja kwa meta kwa sekunde. Meta 20 ni kilomita 72 kwa saa, na mikupuo ya ghafla chini ya milima huwa mikali zaidi. Ikifika 15, gari refu libaki limeegeshwa. Ikifika 20, hata gari dogo. Egesha pua ikitazama upepo, fungua mlango mmoja mmoja ukiushika kwa mikono miwili. Kila asubuhi kabla ya chai angalia vedur.is kwa hewa, umferdin.is kwa hali ya barabara, na safetravel.is kwa tahadhari. Barabara iliyofungwa usiijaribu. Namba ya dharura ni 112.

Usisimame barabarani kupiga picha, kwa kuwa kingo ni nyembamba. Subiri maegesho yafuatayo. Kuendesha nje ya barabara ni kosa la jinai, na alama ya tairi kwenye kuvumwani hukaa miaka mingi. Na kule Reynisfjara, ufuko wa mchanga mweusi karibu na Vík, usiigeuzie bahari mgongo. Mawimbi yake hupanda mbali ghafla na yameua wageni. Sisi tuliokulia pwani tunadhani tunaijua bahari, lakini hiyo haina kasa wala kina kifupi, na maji yake ni baridi ya kukata pumzi.

Kula, kuoga, kuvaa

Kila kitu ni ghali. Tuliokoa fedha nyingi kwa kulala kwenye nyumba zenye jiko na kununua vyakula Bónus na Krónan, maduka ambayo hayapo kila kijiji, kwa hiyo nunua ukiwa mjini. Pilipili, chai ya tangawizi na viungo vya pilau tulibeba kutoka nyumbani. Maji ya bomba ya baridi ni safi kabisa, usinunue ya chupa. Ya moto hunuka kiberiti kidogo lakini hayadhuru. Supu ya samaki na kondoo wa huko ni vitamu. Soseji zinazouzwa kila sheli, kwa wanaojali, kwa kawaida huchanganywa kondoo, ng'ombe na nguruwe.

Karibu kila mji una bwawa la maji ya moto ya ardhini, na huko ndiko utakakokaa na wenyeji wenyewe. Kanuni moja ni kali: lazima uoge kwa sabuni bila nguo yoyote kabla ya kuvaa ya kuogelea, katika vyumba vya pamoja, wanaume mbali na wanawake. Kwa anayejisitiri hili ni zito. Mabwawa mengi yana kibanda kimoja au viwili vyenye mlango au pazia. Mwulize mhudumu mapema kwa upole, naye atakuelekeza.

Vaa tabaka: sufu ndani, kizuia upepo nje. Mwavuli uache nyumbani. Beba kigeuzi cha plagi, kwa sababu soketi zao ni za pini mbili za duara na chaja zetu ni za pini tatu. Saa haibadiliki mwaka mzima: Afrika Mashariki ikiwa saa sita mchana, huko ni saa tatu asubuhi.

Majina yatakusumbua mpaka ujue viungo vyake. Foss ni maporomoko, jökull ni barafu ya kudumu, vatn ni maji au ziwa, vík ni hori, fjörður ni ghuba ndefu. Baada ya siku tatu ukisoma kibao utajua kinachokungoja nyuma ya kilima.

Siku ya kurudisha gari, jaza tangi mjini, lioshe, lipige video tena, na uhakikishe umelipa handaki la Vaðlaheiði, maana deni lake huifuata kampuni na kisha kadi yako, pamoja na ada ya usumbufu. Angalia pia safetravel.is kabla ya kuondoka: tangu Desemba 2023 volkano zimekuwa zikilipuka mara kwa mara karibu na Grindavík, kwenye rasi ile ile yenye uwanja wa ndege. Toka Reykjavík saa nne kabla ya ndege.